Kodi kwa Mkupuo, Nauli kwa Siku: Gharama za Safari na Uchaguzi wa Makazi ya Kaya Jijini Dar es Salaam, kutoka Enzi ya Ukoloni hadi 2023

1. Tatizo

Mwezi Januari 2012 nauli ya mtu mmoja kuvuka kwa kivuko baina ya Magogoni na Kigamboni ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi shilingi 200. Malalamiko yaliyofuata yalikuwa makubwa kuliko fedha yenyewe. Mbunge wa Kigamboni na Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, walijibizana hadharani, na waziri akawaambia wasiotaka kulipa kwamba wangeweza kuzunguka kwa barabara ya Kongowe au wapige mbizi. Miaka minne baadaye, Aprili 2016, mtu huyohuyo, sasa akiwa Rais, alizindua daraja la urefu wa mita 680 linalounganisha Kurasini na Kigamboni. Daraja hilo nalo lilikuwa na vibanda vya kutoza fedha.

Kwa nini ongezeko la shilingi 100 liliibua hasira kiasi kile? Hesabu ya kwanza ni rahisi. Anayevuka asubuhi na kurudi jioni kwa siku 26 za mwezi alikuwa akitumia shilingi 5,200, na sasa alitakiwa kutumia 10,400. Kaya yenye watu watatu wanaovuka kila siku iliongezewa mzigo wa shilingi 15,600 kwa mwezi. Hata hivyo, hesabu hiyo haitoshi kueleza jambo. Wakazi wengi wa Kigamboni walikuwa wamekwisha kuilipia bahari ile tangu siku walipoamua kuishi ng'ambo. Walikubali foleni ya pantoni, hofu ya kuchelewa kazini, na usiku wa kukwama upande usio wa kwao pale chombo kilipoharibika. Walichopata badala yake ni chumba cha bei nafuu au kiwanja walichoweza kukimudu. Nauli ilipopanda, sharti moja la makubaliano hayo lilibadilishwa, na yale mengine waliyokwisha kuyatekeleza hayakuweza kurudishwa nyuma.

Insha hii inachunguza makubaliano ya namna hiyo katika historia ya Dar es Salaam. Hoja yake ni kwamba katika jiji hili kaya haijawahi kulinganisha kodi ya pango na nauli kama vitu viwili vya aina moja. Kodi hudaiwa kwa mkupuo, nauli hulipwa kwa siku. Tofauti hiyo ya wakati wa kulipa imechora ramani ya makazi kwa kiwango kinachokaribia kile cha tofauti ya bei zenyewe.

2. Nadharia na mipaka yake

Nadharia inayotawala uwanja huu ina asili ya shambani. Mwaka 1826 Johann Heinrich von Thünen, mwenye shamba wa Ujerumani ya kaskazini, alieleza jinsi gharama ya kusafirisha mazao hadi sokoni inavyopanga matumizi ya ardhi katika duara kuuzunguka mji. Mwaka 1964 William Alonso aliihamishia hoja hiyo mjini: kadiri kaya inavyoishi mbali na kitovu cha kazi ndivyo inavyolipa kidogo kwa ardhi na zaidi kwa safari, nayo hutulia pale ambapo hatua moja zaidi haiiongezei faida. Kutokana na mantiki hiyo, wachumi waliofuata walitabiri kwamba tozo ya barabara, kwa kuwa inapandisha gharama ya safari, huwavuta watu karibu na mji. Singapore ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 1975, na London mwaka 2003.

Nadharia hiyo ina nguvu, na itakuwa kosa kuitupa kwa sababu tu ilizaliwa kwingine. Ila imejengwa juu ya kaya yenye kipato cha mwezi kinachojulikana, inayoweza kupanga matumizi yote kwenye karatasi moja. Muuza samaki wa Feri hana karatasi hiyo. Kipato chake huingia kwa siku na hutoka kwa siku, na nauli ni sehemu ya matumizi anayoweza kuyapunguza leo hii kwa kutembea. Mwenye nyumba, kwa upande wake, hutaka miezi sita au mwaka mzima mbele, na dalali huongeza juu yake malipo ya mwezi mmoja. Kwa hiyo chumba cha karibu na kazi kinaweza kuwa nafuu kwa hesabu ya mwaka mzima na bado kisiwezekane kupangwa, kwa kuwa mpangaji hana fedha hizo kwa pamoja. Nauli ya mbali ni ghali, lakini ghali yake inagawanyika vipande vidogo vinavyolingana na kipato kinachoingia.

3. Mji wa miguu na mji wa foleni

Dar es Salaam ya kwanza ilikuwa mji wa kutembea. Baada ya Wajerumani kuhamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, kanuni za ujenzi ziliugawa mji kwa aina za nyumba, na kwa hiyo, bila kulazimika kusema wazi, kwa rangi za watu. Waingereza waliimarisha mgawanyo huo. Uwanja wa Mnazi Mmoja ulitenganisha Uhindini na Kariakoo, mtaa uliochukua jina lake kutoka katika kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kutoka Kariakoo hadi bandarini mtu alifika kwa miguu. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ambayo mwenyewe mara nyingi alikalia chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki, ilikuwa jibu la moja kwa moja kwa hali hiyo. Gharama ya ukaribu iligawanywa vyumba.

Gharama ya maisha ya mfanyakazi wa mjini ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea migomo ya makuli wa bandari ya miaka ya 1939, 1943 na 1947. Katika miaka iliyofuata serikali ya kikoloni ilipanua makazi ya Waafrika huko Ilala, Magomeni na Temeke. Kwa mara ya kwanza idadi kubwa ya wafanyakazi iliwekwa mahali ambapo kutembea hadi kazini kulikuwa kazi ya ziada. Nyumba ilitazamwa kama suala la mipango miji, basi likaachwa kuwa biashara ya kampuni. Utengano huo wa kiutawala, baina ya anayepanga makazi na anayepanga nauli, ulirithiwa na serikali ya uhuru na haujafutika.

Mwaka 1967 mji ulikuwa na watu 272,821. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa mzima. Katikati ya vipindi hivyo huduma ya mabasi ilikuwa imetaifishwa, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Nauli iliwekwa chini kwa makusudi. Katika miaka hiyohiyo mradi wa viwanja vyenye huduma uliifungua Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaboreshwa badala ya kuvunjwa. Kwenye makaratasi, basi, kaya ya kipato cha chini ilikuwa na njia mbili nzuri: kiwanja kilichopimwa na nauli nafuu.

Tatizo lilikuwa kwamba basi halikuja. Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na tena 1979, vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni za kununulia vipuri viliacha mabasi mengi yakiwa yamesimama gereji. Nauli rasmi ilibaki ndogo, huku gharama halisi ikihamia kwenye saa: saa za kusimama kituoni, saa za kutembea baada ya kukata tamaa. Hapa ndipo wanahistoria wanaotegemea majedwali ya nauli pekee hupotoka. Jedwali la mwaka 1980 linaonesha safari nafuu, lakini watu waliendelea kubanana Manzese, Buguruni, Vingunguti na Keko, mitaa iliyo kando ya viwanda na soko, kama watu ambao safari kwao ni ghali mno. Hawakuwa wamekosea hesabu.

4. Daladala na mji mrefu

Mwaka 1983 serikali iliwaruhusu wamiliki binafsi kuingia katika usafiri wa abiria mjini. Jina daladala huhusishwa na sarafu ya shilingi 5 iliyoitwa dala, ambayo ndiyo iliyokuwa nauli. Daladala, na chai maharage ambayo abiria wake walikaa wakitazamana, zilikuwa ghali kuliko UDA lakini zilikuwepo. Ndani ya miongo miwili makazi yalinyooka kufuata barabara nne kuu: Bagamoyo hadi Tegeta na kupita, Morogoro hadi Kimara na Mbezi, Pugu hadi Gongo la Mboto, Kilwa hadi Mbagala. Sensa ya 2002 ilikuta watu karibu milioni 2.5, na ile ya 2012 watu 4,364,541.

Umbo hilo la vidole lina maelezo ya kawaida kuhusu lami na maji. Kuna sababu nyingine iliyojificha ndani ya muundo wa nauli. Nauli hupangwa kwa ngazi za umbali, na ngazi ya kwanza hufika kilomita 10. Mwaka 2013 ngazi hiyo ilipanda kutoka shilingi 300 hadi 400, mwaka 2022 hadi 500, na Desemba 2023 hadi 600. Anayepanda gari moja kwa umbali mrefu hulipa kidogo kwa kila kilomita. Anayelazimika kupanda magari mawili hulipa ngazi ya kwanza mara mbili, hata kama umbali wake wote ni mfupi. Kwa nauli ya 2023, mtu wa gari moja kwenda na kurudi alitumia angalau shilingi 31,200 kwa siku 26, na mtu wa magari mawili 62,400. Kima cha chini cha mshahara katika biashara na viwanda kilichoanza Januari 2023 kilikuwa shilingi 150,000. Kwa mfanyakazi huyo, gari la pili ndilo linaloamua mtaa wa kuishi. Kaya hutafuta mahali palipo kwenye ruti ya kazi, hata pakiwa mbali, na hukwepa mtaa wa karibu ulio kati ya ruti mbili.

Ndiyo maana desturi ya kukatisha ruti, inayotajwa magazetini kama utovu wa nidhamu wa madereva, inastahili kuhesabiwa katika historia ya makazi. Dereva anayeshusha abiria katikati ya njia ili ageuze na kuwahi hesabu ya tajiri huligeuza gari moja kuwa magari mawili. Kaya iliyochagua Mbagala au Gongo la Mboto kwa kutegemea gari moja hujikuta imechagua kitu kingine. Mwanafunzi, ambaye nauli yake ni ndogo na kwa hiyo makondakta humkwepa, hulipa kwa kusimama kituoni, kama abiria wa UDA alivyofanya miaka ya 1980.

Na bado watu walisogea nje. Sababu yake ni ile ya mkupuo. Kaya iliyochoka kutafuta kodi ya miezi sita kila baada ya miezi sita ilinunua kiwanja ambacho hakijapimwa, mara nyingi kwa malipo ya awamu, ikajenga chumba kimoja kwanza, kisha ikahamia kwenye pagala lisilo na dari wala umeme. Katika lugha ya jiji hatua hiyo huitwa kuhamia kwako, na heshima iliyomo katika neno hilo isidharauliwe. Kwa mtazamo wa Alonso kaya hiyo imebadilisha kodi kwa nauli. Kwa mtazamo wa kaya yenyewe, imelitoa deni moja kubwa linalotisha na kulipokea dogo lisilokwisha. Katika mwezi mbaya, nauli inaweza kupunguzwa: baba atembee, mtoto mmoja asiende shule, mama auze karibu na nyumbani. Mwenye nyumba hapunguziki hivyo.

Gharama kubwa kuliko zote, kwa waliofuata mantiki hiyo kwa uangalifu, iliwaangukia wale waliojenga kando kabisa ya lami. Kuwa kando ya barabara kuliokoa nauli ya bodaboda, ambayo kwa kilomita moja hupita ya daladala. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, kwa hoja kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Wakati huohuo mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yalikuwa yameifanya Kimara kuwa karibu na mji kuliko ilivyopata kuwa. Nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, na ya njia kuu pamoja na njia mlisho 800. Kwa hiyo thamani ya kuwa Kimara ilipanda na baadhi ya walioifuata wakaondolewa, vyote ndani ya takriban miezi kumi na minane.

5. Ng'ambo ya maji

Kigamboni ni mahali pazuri pa kuyapima haya, kwa sababu gharama ya kuingia mjini inaonekana kwa macho: geti, tiketi, na maji. Feri ya Magogoni inatua hatua chache kutoka katikati ya mji, ilhali njia ya nchi kavu ilipita Kongowe na Mbagala kwa mzunguko mrefu. Kwa umbali wa ndege, Kigamboni ingetakiwa kuwa na ardhi ghali. Kwa miongo mingi ilibaki na minazi, mikorosho, vijiji vya wavuvi na viwanja vya bei ya chini. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima Kibada miongoni mwa maeneo mengine, na viwanja vingi vikakaa miaka bila kujengwa.

Tozo ya daraja la 2016, ambalo Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ulichangia sehemu kubwa ya fedha zake na hivyo ukahitaji kuzirudisha, ilikuwa tozo ya chombo. Kwa nadharia, ingepaswa kuwazuia watu kuhamia ng'ambo. Lakini nadharia hulinganisha tozo na barabara ya bure, na mkazi wa Kigamboni alikuwa akiilinganisha na pantoni na Kongowe. Kwake tozo ilinunua kitu ambacho hakikuwepo: uhakika wa kuvuka saa sita usiku na mgonjwa ndani ya gari. Sensa ya 2012 ilikuwa imekuta watu takriban 163,000 katika eneo la wilaya ya sasa, na ile ya 2022 ikakuta 317,902. Katika muongo huo mkoa mzima uliongezeka kwa takriban asilimia 23.

Itakuwa haraka kulipa daraja sifa yote. Mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni uliotangazwa mwaka 2008 ulizuia ujenzi na uuzaji wa ardhi kwa miaka kadhaa kabla ya kuachwa, na sehemu ya ongezeko ni ujenzi uliokuwa umezuiwa ukitafuta nafasi yake. Ila hata kwa tahadhari hiyo, mwelekeo unapingana na utabiri wa kawaida. Njia yenye tozo ilieneza mji.

Swali lililo zito zaidi ni nani aliyefaidi. Gharama ya kuvuka ilikuwa imekaa ndani ya bei ya ardhi kama punguzo. Kila gharama hiyo iliposhuka, punguzo lilipungua, na tofauti ikaenda kwa aliyemiliki ardhi siku hiyo. Mwenye kiwanja Kibada au Geza Ulole hakuhitaji kufanya lolote. Mpangaji wa Tungi, aliyevumilia pantoni kwa miaka kumi kwa sababu chumba kilikuwa nafuu, aliletewa daraja pamoja na kodi inayopanda, na kama kazi yake ni ya Kivukoni au Kariakoo, bado alivuka kwa pantoni kwa shilingi 200, kwa kuwa daraja linatokea Kurasini na kutoka huko angehitaji gari la pili.

Madai ya kuondoa tozo yaliendelea tangu daraja lilipofunguliwa, na mwaka 2022 serikali ilipunguza viwango; pikipiki ilishushwa kutoka shilingi 600 hadi 300. Pamoja na punguzo hilo uliwekwa utaratibu wa kulipia kwa wiki au kwa mwezi kwa bei nafuu kuliko kulipia kila safari. Kiutawala ni utaratibu wa busara, na miji mingi hufanya hivyo. Unapotazamwa kutoka katika historia iliyoelezwa hapa, unafanana sana na mwenye nyumba wa Kariakoo. Mwenye gari na mshahara wa benki hulipa mwezi mzima Jumatatu ya kwanza na kusahau. Dereva wa bodaboda, ambaye shilingi za leo huanza kupatikana baada ya abiria wa kwanza, hufika getini na kulipa safari moja, kisha nyingine, kwa bei ya juu kabisa iliyomo katika jedwali.